Shajara ya mradi: namba za Kikorea kwa wiki nane

6 Januari 2025: lengo, vifaa, kipimo

Lengo ni kwamba baada ya wiki nane mtu aweze kutaja na kusikia saa, bei, tarehe, umri, namba ya simu na idadi ya vitu kwa Kikorea bila kusimama kufikiri. Wanafunzi ni watatu, dakika 30 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kipimo: kadi inafunuliwa, jibu litoke ndani ya sekunde 2. Jibu sahihi lililochelewa linaandikwa kosa, kwa sababu dukani hakuna anayemsubiri mtu ahesabu vidole.

Kikorea kina seti mbili za namba zinazotumika kila siku. Moja ni ya Kikorea chenyewe: 하나 hana, 둘 dul, 셋 set. Nyingine ilitoka Kichina karne nyingi zilizopita: 일 il, 이 i, 삼 sam. Humu tutaziita seti ya hana na seti ya il. Jambo hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Sita, saba na tisa zetu ni za Kiarabu, na makumi yote kuanzia ishirini vilevile. Ila sisi tulizisuka zikawa kamba moja. Wakorea waliziacha kamba mbili, kila moja na mzigo wake.

Maneno ya kukariri ni 33 tu. Seti ya il ina 15: sifuri mbili (영 yeong na 공 gong), 1 hadi 10, mia (백 baek) na elfu (천 cheon), na elfu kumi (만 man), ambayo itatusumbua baadaye. Seti ya hana ina 18: 1 hadi 10, na makumi kuanzia 20 hadi 90. Haiendi zaidi ya 99. Ukifika mia unahamia il.

Vifaa: karatasi za manila za sm 50 kwa 70, TSh 1,000 kila moja, zinazokatwa kadi za sm 7 kwa 10 (kadi 49 kwa karatasi). Maka peni mbili, nyeusi na bluu, TSh 2,000. Dadu mbili, TSh 1,000. Kifurushi cha intaneti TSh 2,000 kwa wiki.

10 Januari: kadi za kwanza zimetupwa

Kadi 33 ziliandikwa kwa herufi zetu za kawaida, kwa matamshi. Ndani ya siku tatu neno moja, 여덟 (nane), lilikuwa limeandikwa yodol, yadol na yudel. Sababu iko kwenye irabu. Sisi tuna o moja, wao wana mbili: 오 ya midomo ya duara, na 어 ya mdomo uliolegea wazi (katika herufi za Kilatini huandikwa eo). Tuna u moja, wao wana 우 ya kawaida na 으 inayotamkwa midomo ikiwa imenyooshwa kama ya mtu anayetabasamu (huandikwa eu). Herufi zetu haziwezi kubeba tofauti hiyo, na kila mmoja akaibeba kwa namna yake.

Tumeanza upya kwa Hangul, maandishi ya Kikorea yenyewe. Kazi ni ndogo kuliko sifa zake: maneno yote 33 yanahitaji konsonanti 11 (ㄱ ㄴ ㄷ ㄹ ㅁ ㅂ ㅅ ㅇ ㅊ ㅍ ㅎ) na irabu 12 (ㅏ ㅓ ㅗ ㅜ ㅡ ㅣ ㅐ ㅔ ㅕ ㅖ ㅠ ㅟ). Herufi 23, vikao vinne. Anayetaka kuiga mradi huu aanzie hapa, asipite njia ya kwanza.

Hasara: karatasi moja ya manila na saa tatu za kuandika.

18 Januari: seti ya il, 0 hadi 99

일 il, 이 i, 삼 sam, 사 sa, 오 o, 육 yuk, 칠 chil, 팔 pal, 구 gu, 십 sip. Sarufi yake inaisha kwa dakika kumi: 11 ni kumi-moja (십일), 20 ni mbili-kumi (이십), 21 ni mbili-kumi-moja (이십일). Hakuna "na" katikati. Sifuri ya hesabu ni yeong, ya namba za simu ni gong.

Kukariri kulikwisha siku ya tatu. Siku zilizobaki zote zililiwa na kosa moja ambalo hatukulitegemea.

Tulisoma namba za simu za kubuni mbele ya programu inayogeuza sauti ya Kikorea kuwa maandishi. Zilirudi zikiwa ndefu kuliko zilivyoandikwa, na kilichoongezeka kila mara kilikuwa 2. Tarakimu 3 ilirudi 32, 7 ikarudi 72.

Sababu ni ulimi wetu. Neno la Kiswahili huishia na irabu, na neno la kigeni linaloishia na konsonanti tunalipa i mkiani bila kujua: benki, chaki, soksi. Basi sam ikawa "sami", chil ikawa "chili", pal ikawa "pali", yuk ikawa "yuki". Na katika seti hii, i ni namba mbili. "Sami" kwa sikio la Mkorea ni tatu-mbili. Mbaya zaidi ni kumi: 십이 (12) hutamkwa sibi, kwa hiyo anayesema "sipi" akikusudia kumi amekaribia kabisa kumi na mbili. Ile i ndogo tunayoiongeza ili neno likae vizuri mdomoni inabadilisha bei na namba ya simu.

Kujaribu kutamka kwa haraka zaidi hakukusaidia. Kukata sauti kwa nguvu kulileta kitu kingine, i fupi ya mnong'ono. Kilichofanya kazi ni kufundisha mwisho wa neno kama mkao wa mdomo. Kwa sip, midomo ifungwe na ibaki imefungwa hadi uhesabu moja kimoyomoyo. Kwa yuk, nyuma ya ulimi iguse kaakaa na ibaki hapo. Kwa il, chil na pal, ncha ya ulimi ipande nyuma ya meno na isishuke. Kwa sam, midomo ifungwe na sauti itokee puani. Gong na yeong huishia na ng' ya ng'ombe, sauti tuliyo nayo tayari, ila hapa haifuatwi na kitu.

Aliyesoma Kurani chuoni anaijua kazi hii: ni sukuni, konsonanti isiyofuatwa na irabu. Lakini ni sukuni isiyo na kalkala. Ile b au d inayorushwa kidogo mwishoni mwa kisomo, Kikorea hakiitaki. Maelezo hayo ya mstari mmoja yalimsaidia mwanafunzi mmoja kuliko mazoezi ya siku mbili.

Pumzi pia ina kazi. P ya pal na ch ya chil zinatoka na pumzi, kama wazee wa pwani wanavyotofautisha paa mnyama na paa la nyumba. Weka karatasi nyembamba mbele ya midomo: ikitikisika, umepatia.

Mengine ya kusikiliza, kwa sababu hayaandikwi yanavyotamkwa:

- 십육 (16) ni simnyuk, si "sipyuk". 백육 (106) ni baengnyuk.
- 십만 (100,000) ni simman, 백만 (milioni) ni baengman.
- 십일 (11) ni sibil, 십오 (15) ni sibo.
- 십팔 (18) inafanana na tusi zito la Kikorea. Tamka s laini, bila kuikaza.

Namba 4, sa, inasikika sawa na neno la asili ya Kichina lenye maana ya kifo. Ndiyo maana lifti nyingi za Korea zina kitufe cha F mahali pa 4. Haibadilishi lolote katika kusema, ila anayetafuta ghorofa ya nne ajue abonyeze wapi.

27 Januari: seti ya hana, 1 hadi 99

하나 hana, 둘 dul, 셋 set, 넷 net, 다섯 daseot, 여섯 yeoseot, 일곱 ilgop, 여덟 yeodeol, 아홉 ahop, 열 yeol. Hapo 여덟 imeandikwa na ㄹ na ㅂ mkiani, lakini inayosikika ni l peke yake.

Waliopita kwenye mazoezi ya taekwondo wanazijua hizi tangu zamani, maana mateke huhesabiwa kwa hana, dul, set. Hata seti ya il iko ukumbini humohumo: mifuatano minane ya miondoko, iitwayo Taegeuk, ina majina Il Jang, I Jang, Sam Jang hadi Pal Jang. Lakini hesabu ya mazoezi ni wimbo. Mwanafunzi aliyekuja nayo aliulizwa saba, akaanza na hana akapanda hadi ilgop: sekunde 4. Kwa kipimo chetu ni kosa. Wale wengine wawili, waliokariri kwa mfuatano nyumbani, walianguka vivyo hivyo. Dawa: wiki nzima bila kuhesabu kwa mfuatano. Tupa dadu mbili, taja jumla, changanya kadi, hesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Kufikia siku ya tano saba ilikuwa inakuja yenyewe.

Makumi: 스물 seumul (20), 서른 seoreun (30), 마흔 maheun (40), 쉰 swin (50), 예순 yesun (60), 일흔 ilheun (70), 여든 yeodeun (80), 아흔 aheun (90). Tulipoyakariri kama maneno manane mapya yalichanganyikana, hasa maheun na aheun, na yesun na yeodeun. Tukayapanga upya kwa ukoo. 60 inabeba s ya yeoseot, 70 inaanza il- kama ilgop, 80 inaanza yeod- kama yeodeol, 90 inaanza a- kama ahop, na 30 inashika s ya set. Mayatima ni matatu: seumul, maheun, swin. Hayo matatu ndiyo ya kukariri kwa nguvu. Mengine yana ndugu wa kuyataja.

Sasa kujipinda. Mbele ya neno la kuhesabia (neno fupi linaloonyesha aina ya kitu kinachohesabiwa), namba tano hupoteza mkia: hana inakuwa 한 han, dul inakuwa 두 du, set 세 se, net 네 ne, seumul 스무 seumu. Tano tu. Msemaji wa Kiswahili hapa ana mtaji, kwa kuwa anabadilisha namba maisha yake yote: mtu mmoja, kitu kimoja, watu wawili, vitu viwili. Kwetu hujipinda moja hadi tano, na nane, huku sita, saba, tisa na kumi zikibaki vilevile. Kumwambia mwanafunzi "namba fulani hujipinda, nyingine hazijipindi" hakukuchukua hata dakika. Na ne ya nne ni bahati njema isiyo na undugu wowote: 네 na nne zimekutana njiani tu. (네 hiyohiyo pia ni "ndiyo".)

Kosa lililojitokeza ni kupinda mara mbili. Miaka 20 ni 스무 살, seumu sal. Basi miaka 21 wote watatu waliisema "seumu-han sal". Si hivyo. Hujipinda kipande cha mwisho peke yake, kile kinachogusa neno la kuhesabia: 스물한 살, seumul-han sal. Kadi mpya tano zilitosha kulinyoosha.

5 Februari: namba ipi na neno lipi

Hapa ndipo mradi ulipokwama, siku tisa.

Kikorea hakisemi "vitabu viwili" bila neno la kuhesabia. Husema 책 두 권, chaek du gwon: kitabu, mbili, kisha gwon, neno la kuhesabia vitabu. Mpangilio wa jina kwanza na namba baadaye ni wetu, kwa hiyo haukumsumbua mtu. Lililosumbua ni kwamba neno la kuhesabia ndilo linaloamua seti.

Tulianza na maneno 24. Yanayotaka hana ni 14: 개 gae (vitu vya jumla), 명 myeong (watu), 분 bun (watu kwa heshima), 마리 mari (wanyama), 권 gwon (vitabu), 장 jang (vitu bapa kama karatasi na tiketi), 병 byeong (chupa), 잔 jan (vikombe na glasi), 대 dae (magari na mashine), 켤레 kyeolle (jozi za viatu na soksi), 살 sal (umri), 시 si (saa ya kwenye saa), 시간 sigan (muda wa saa), 번 beon (mara). Yanayotaka il ni 10: 원 won (fedha), 년 nyeon (mwaka), 월 wol (mwezi wa kalenda), 일 il (tarehe), 분 bun (dakika), 초 cho (sekunde), 층 cheung (ghorofa), 번 beon (namba ya basi au ya swali), 인분 inbun (chakula cha mtu mmoja), 학년 hangnyeon (darasa la shule). Maneno haya yanaongeza herufi tatu tu kwenye zile 23: ㅈ, ㅋ na ㅝ.

Jaribio la kwanza: kanuni. "Hana ni ya vitu unavyoviona, il ni ya mpangilio na vipimo." Ilifanya kazi kwa chupa na tarehe, ikavunjika kwenye saa (saa haishikiki, lakini inataka hana) na kwenye inbun (nyama iko mezani, lakini inataka il). Kipande kimoja cha kanuni kimesalia kwa sababu hakijatudanganya: vipimo vya kigeni kama kilo, gramu, meta na asilimia huenda na il.

Jaribio la pili: rangi. Nyeusi kwa hana, bluu kwa il. Kwenye kadi makosa yalikwisha kwa siku mbili. Kadi zilipowekwa chini na maswali kuulizwa kwa mdomo, yakarudi karibu yote. Jicho lilikuwa limejifunza wino, sikio halikupata kitu.

Jaribio la tatu ndilo lililobaki. Neno la kuhesabia halisemwi tena peke yake, wala namba haisemwi tupu. Kila neno linakaririwa na namba nne za mwanzo kwa pumzi moja: han gae, du gae, se gae, ne gae, il cheung, i cheung, sam cheung, sa cheung. Nne zinatosha kwa sababu hana na il zinapishana kwa sauti tangu ya kwanza, na kujipinda nako kumo humohumo. Maneno 24 mara nne ni vipande 96. Vipande 16 kwa siku, siku sita. Baada ya hapo daseot gae ilikuja bila kufundishwa, na "o gae" ilianza kuuma sikioni kama "kitabu wawili" inavyotuuma.

Mapacha wawili walihitaji siku yao. 분 ni watu wa heshima na ni dakika pia: 두 분 du bun ni watu wawili, 이 분 i bun ni dakika mbili. 번 ni mara na ni namba: 세 번 se beon ni mara tatu, 삼 번 sam beon ni namba tatu. Sauti ni ileile. Seti ndiyo inayobeba maana. Kwa hiyo kuchanganya seti si kosa la lafudhi la kusamehewa. Mtu anaweza kupewa kitu kingine kabisa.

Sentensi ya kupimia tuliyoichagua ina seti zote mbili: 삼겹살 이 인분하고 콜라 두 병 주세요, samgyeopsal i inbun-hago kolla du byeong juseyo, "tupe nyama ya samgyeopsal ya watu wawili na soda za kola chupa mbili". Mbili inatajwa mara mbili, kwa maneno mawili tofauti. (Samgyeopsal ni nyama ya nguruwe. Asiyeila aweke 불고기 bulgogi, ya ng'ombe, namba hazibadiliki.)

Tahadhari kuhusu sauti ya simu inayosoma maandishi: tulipoandika 3개 kwa tarakimu, wakati mwingine ilisoma "sam gae", nasi tukaikariri hivyo siku nzima. Wakorea wenyewe huandika 3개 na 3층 kwa tarakimu ileile, na msomaji anajua ya kwanza ni se na ya pili ni sam. Mashine haijui kila mara. Andika 세 개 kwa Hangul ndipo uisikilize.

Zaidi ya 100, il inachukua mamia na hana inaweza kubaki mkiani: watu 101 ni 백한 명, baek-han myeong.

13 Februari: saa

Saa ya Kikorea huunganisha seti zote mbili: saa kwa hana, dakika kwa il. 3:20 ni 세 시 이십 분, se si isip bun. Nusu ni 반 ban. "Kasoro" yao, 전 jeon, haikai palepale tunapoiweka sisi, inakuja mwishoni baada ya dakika: 세 시 십 분 전, se si sip bun jeon, ni "saa tisa kasoro dakika kumi". Kasorobo haina neno lake. Sema dakika kumi na tano.

Umeona tayari. Se si ni tatu, lakini ni saa tisa. Tulipouliza "saa tatu asubuhi kwa Kikorea?", majibu matatu kati ya matatu yalikuwa se si. Mtu wa miadi angechelewa, au angewahi, saa sita. Tulijaribu kufundisha "ongeza au punguza sita", na kila jibu likapita sekunde 5. Tukaacha hesabu. Saa za simu zetu zinaonyesha 9:00 nasi tunasoma "saa tatu". Tafsiri tunaifanya kila siku bila kufikiri. Kikorea kisome tarakimu moja kwa moja: unaona 9, sema 아홉 시, ahop si. Maswali ya saa sasa yanaonyeshwa kwenye kadi 12 za tarakimu, hayaulizwi kwa Kiswahili.

Muda ni jambo jingine. "Saa tatu" ya muda haihami: ni 세 시간, se sigan. Kwa hiyo "saa tatu" yetu moja ina majibu mawili, ahop si na se sigan.

Usiku wa manane: saa nane usiku ni 새벽 두 시, saebyeok du si, na ni ya tarehe mpya tayari, maana siku inageuka saa sita usiku. Anayesema "Jumatatu usiku saa nane" ahakikishe ni Jumatatu ipi.

Ratiba za treni na jeshi hutumia saa 24 na kusoma yote kwa il: 14:30 ni sipsa si samsip bun.

20 Februari: fedha

Noti ni won 1,000, 5,000, 10,000 na 50,000 (hii ya mwisho ilitoka 2009). Sarafu zinazotumika ni 10, 50, 100, 500. Zote kwa il.

Kikorea kinahesabu kwa mafungu ya tarakimu nne. Baada ya elfu linakuja 만 man, elfu kumi, na juu yake 억 eok, milioni mia. Kwa hiyo 35,000 si "thelathini na tano elfu", ni man tatu na elfu tano: 삼만 오천, samman ocheon.

Tulidhani laki itatuokoa, kwa kuwa tuna neno la laki na wengi hawana. Ilituponza. Laki ina sifuri tano, man ina nne, na akili ikaziona kuwa kitu kimoja: "laki tatu" ikatoka samman, yaani 30,000. Kati ya kadi 24 za bei, 9 zilikosewa, na zote 9 kwa mara kumi. Bei ya kodi ya nyumba ikikosewa mara kumi hakuna tabasamu litakaloirekebisha.

Dawa ni mkwaju, yaani alama ya /. Puuza mikato iliyoandikwa kila tarakimu tatu. Hesabu tarakimu nne kutoka kulia, piga mstari:

- 3/5000: samman ocheon
- 25/0000: 이십오만, isibo-man (laki mbili na nusu)
- 100/0000: baengman (milioni)
- 1000/0000: 천만, cheonman (milioni kumi)
- 1234/5678: cheon ibaek samsipsa-man, ocheon yukbaek chilsippal

Kilicho kushoto kwa mstari kisome kama namba ya kawaida, kisha sema man. Baada ya siku nne mkwaju ukaanza kuonekana bila kuchorwa. Laki tumeiacha iwe ya kukagua: laki moja ni simman, basi.

Moja haitajwi mbele ya kumi, mia, elfu wala man inapoanza: won 10,000 ni man won, si "ilman won", 11,500 ni man cheon-obaek. Kwenye eok inarudi: 일억, ireok.

Jambo jema: "elfu thelathini na tano" yetu inaweza kuwa 35,000 au 30,005. Kikorea hakina utata huo.

26 Februari: tarehe, siku, simu, ghorofa

Tarehe huenda kutoka kubwa kwenda ndogo: mwaka, mwezi, siku, zote kwa il. Anayesema "mwezi wa tatu" badala ya Machi ameshamaliza kazi, maana samwol ni hivyo hivyo. Miezi miwili imepoteza konsonanti: wa sita ni 유월 yuwol, wa kumi ni 시월 siwol. Muda wa mwezi mmoja ni 한 달 han dal, si irwol (Januari).

Siku za kuhesabu zina maneno yake: 하루 haru (1), 이틀 iteul (2), 사흘 saheul (3), 나흘 naheul (4), hadi 열흘 yeolheul (10). Saheul inaanza na sa lakini ni tatu. Tusijilaumu sana: mwaka 2020 mapumziko ya siku tatu ya Agosti yalipotangazwa Korea kwa neno hili, Wakorea wengi wenyewe walidhani ni siku nne.

Simu: 010 ni gong-il-gong, tarakimu mojamoja, kistari husomwa "e". Il na i zikichanganyika kwenye mtandao mbovu, rudia polepole. Jeshini huchanganya seti kwa makusudi ili zisipotee hewani: hana, dul, sam, net, o, yeoseot, chil, pal, ahop, gong.

Ghorofa: 1층 ni sakafu ya chini kabisa. Ghorofa ya kwanza yetu ni i cheung. Chini ya ardhi ni 지하 jiha.

Umri: sal kwa hana katika mazungumzo, 세 se kwa il kwenye fomu. Tangu 28 Juni 2023 sheria ya Korea inahesabu umri kama sisi, kutoka siku ya kuzaliwa. Kwa hesabu ya zamani mtoto alizaliwa na mwaka mmoja na kuongeza mwingine kila mwaka mpya, na bado utaisikia kwa watu wazima.

3 Machi: kipimo cha mwisho na matumizi

Kadi 60 kwa kila mtu, zimechanganywa. Makosa: 4, 7 na 11. Kati ya makosa yote 22, saba ni ya 분 na 번, sita ni bei zenye sifuri katikati (20,300 ilisemwa kama 23,000), matano ni ya makumi ya hana, mawili ni ya saa, na mawili ni ya i ya mkiani iliyorudi mtu alipoharakishwa.

Matumizi: manila 3, TSh 3,000. Maka peni TSh 2,000. Dadu TSh 1,000. Intaneti wiki nane TSh 16,000. Jumla TSh 22,000, na saa 24 kwa kila mtu, kati ya hizo zisizopungua tano zimepotea kwenye kadi za kwanza, kanuni na rangi. Karatasi mbili zilizobaki zimetoa kadi 98, na zote zimetumika: maneno 33, namba tano zilizojipinda, maneno ya kuhesabia 24, saa 12, bei 24.

Yanayofuata: bei zenye sifuri katikati, kadi 20 kwa siku. Kisha maumbo ya 3 na 4 tuliyoyaruka kwa makusudi, 석 seok na 넉 neok, yanayotumika na dal: miezi mitatu ni 석 달 seok dal, minne ni 넉 달 neok dal, ingawa "se dal" na "ne dal" nazo husikika. Manila moja zaidi itahitajika.